Mama ntilie huwa anakula saa ngapi? Kisa cha moyo, sukari na kujinyima

Alifika hospitalini kwetu Jumanne moja, saa saba mchana, kwenye bajaji, kichwa kimelala mapajani mwa mumewe. Mume alikuwa bado ameshika chupa ya soda iliyobaki nusu. Mgonjwa ana miaka 38, watoto watatu, anaishi Mbagala na anauza chakula Tandika. Ni mama ntilie wa siku nyingi, wapo madereva wa daladala wanaomjua kwa maharage yake ya nazi kuliko kwa jina. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, naye ameridhia kisa chake kiandikwe kwa sharti moja. Aliniambia, "Andika tu, dokta, ila usiandike kwamba nilikuwa mlafi."

Sharti hilo nimelishika, na mbele nitaeleza kwa nini ni la haki.

Siku ya kuanguka

Alikuwa anaipua sufuria ya maharage. Miguu ikakataa, akakaa chini palepale kando ya jiko. Moyo, kwa maneno yake, ulikuwa "unaruka, unasita, unaruka tena, kama daladala inayotaka kuzima mlimani". Wateja wakasema sukari imeshuka. Jirani muuza mihogo akasema huo ni upepo mbaya. Mume, ambaye ni bodaboda na kijiwe chake hakiko mbali, akaja mbio, akanunua soda, akamnywesha. Akazidi kulegea.

Tulipompima, presha ilikuwa 98/62 akiwa amelala, na tulipomketisha namba ya juu ikaporomoka hadi 80 na kidogo. Mapigo 112 kwa dakika, yenye kurukaruka. Ulimi mkavu. Mikono ina ganzi, mapaja hayana nguvu, hawezi kuinuka kitini bila kushikwa kwapani. Sukari ilikuwa 8.9, kwa hiyo haikuwa imeshuka hata chembe.

Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ndiyo iliyotushtua. Baada ya kila pigo kuu, mashine huchora kilima cha mviringo tunachokiita T, nacho ni alama ya moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Cha huyu mama kilikuwa kimelala bapa, na nyuma yake kimechomoza kijilima kingine, U, ambacho kwa watu wengi hata hukioni. Muda wa moyo kujiandaa upya, yaani QT iliyosahihishwa, ulikuwa milisekunde 510. Kwa mwanamke tunaanza kuuliza maswali ukipita 460, na ukipita 500 hatumwachi mtu bila uangalizi. Kati ya mapigo yake ya kawaida kulikuwa na mapigo ya ziada yanayotoka chumba cha chini cha moyo. Maabara iliporudisha majibu ilithibitisha tu yale tuliyokwisha kuyashuku: potasiamu 2.6, wakati kawaida ni 3.5 hadi 5.0 milimoli kwa lita, na magnesiamu 0.55, wakati inatakiwa isishuke chini ya 0.7. Figo nazo zilikuwa zimeanza kulalamika kwa kukosa maji.

Naomba nikae kidogo kwenye potasiamu, kwa sababu hapo ndipo kifo kilipokuwa kimejificha. Karibu potasiamu yote ya mwili imo ndani ya seli. Kiasi kidogo sana ndicho kinachozunguka kwenye damu, na tofauti kati ya ndani na nje ndiyo inayoshikilia umeme wa moyo. Ya nje ikipungua mno, moyo unachelewa kujiweka sawa baada ya kupiga, na pigo lisilo na zamu linaweza kuchomekea katikati. Likichomekea pabaya, moyo unaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Mtu anaweza kufa hapo hapo, awe mwembamba kama unyasi au awe na kilo 92 kama huyu.

Na ile soda? Mume aliinunua kwa mapenzi, na sikumlaumu hata kwa jicho. Lakini sukari nyingi ikiingia kwa ghafla, kongosho hutoa insulini, na insulini inapoingiza sukari ndani ya seli huingiza na potasiamu pia. Kidogo kilichobaki kwenye damu kinazidi kupungua. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa zahanati: mtu akiletwa amelegea, mpime sukari kwanza. Kama haijashuka, usimtundikie dripu ya glukosi kwa mazoea ya "kumpa nguvu". Huyu tulimpa potasiamu kwenye dripu ya chumvi, milimoli 10 kwa saa, mashine ya moyo ikiwa imewashwa kando ya kitanda. Tukampa pia magnesiamu salfeti, dawa ile ile ambayo wakunga wanaijua kwa kifafa cha mimba, kwa kuwa magnesiamu ikiwa chini figo huendelea kuitupa potasiamu hata uijaze namna gani. Siku ya tatu akatembea mwenyewe hadi chooni.

Swali la sista

Potasiamu haipotei bure. Hupotea kwa kutapika, kwa kuharisha, au kwa mkojo. Mimi nilimuuliza maswali yote ya kitabuni. Unatapika? Hapana. Unaharisha? "Tumbo langu tu jepesi." Unatumia dawa gani? Akataja vidonge vya presha alivyoandikiwa zahanati miaka miwili nyuma. Unakula vizuri? "Nakula vizuri, dokta."

Nimeyasoma tena majibu hayo kwenye faili mara nyingi. Kila swali langu lilikuwa na mlango wa kutokea, naye akatokea. Mwanamke wa kilo 92 na urefu wa mita 1.60, ukimuuliza kama anakula vizuri, anasikia tuhuma. Atajibu nini zaidi ya alivyojibu?

Aliyefungua kisa hiki ni sista wa zamu ya usiku, mtu mzima, mwenyeji wa Temeke. Alikuwa anambadilishia shuka huku wakipiga soga za biashara, bei ya mchele, kuni na mkaa, wateja wa mkopo wasiolipa. Kisha akamuuliza, kama mtu anayewaza kwa sauti, "Hivi dada yangu, mama ntilie huwa anakula saa ngapi? Maana kila nikija kula mchana namkuta anapakua, sijawahi kumkuta anatafuna."

Mgonjwa akanyamaza. Halafu akavuta kanga usoni akalia. Sista akakaa kitandani, hakusema neno. Baada ya muda akaambiwa yote.

Mchana njaa, usiku sufuria

Miaka miwili kabla, presha yake ilipimwa zahanati ikawa 150/96. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi, kwa hiyo alitoka pale na hofu ya kweli. Alipewa kidonge cha presha cha aina inayopunguza maji mwilini, na maneno matatu: "Mama, punguza mwili." Hakuulizwa anakula nini, saa ngapi, na nani, wala analala saa ngapi. Mwaka huo huo wifi yake alimwita "bonge letu" mbele ya watu kwenye kitchen party, wakacheka, naye akacheka nao.

Akaanza kuruka chai ya asubuhi. Kisha chakula cha mchana. Anaamka saa kumi alfajiri, anakanda unga wa chapati, anachemsha supu, anapika wali, maharage, mchicha, samaki wa kukaanga, anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema. Watu wakimkaribisha anasema, "Nimefunga." Mwanzoni ilikuwa kweli, Jumatatu na Alhamisi, funga za sunna. Baadaye ikawa ni neno la kumfukuza mwenye kuuliza. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote. Alimwambia sista, "Nilikuwa naificha njaa yangu nyuma ya jina la Mungu."

Saa nne usiku watoto wamelala, mume bado yuko barabarani. Anaingia jikoni bila kuwasha taa, simu imeegemezwa kwenye ndoo ili imulike. Anakula amesimama. Chapati zilizobaki, sita, saba, anazichovya kwenye mchuzi wa baridi. Ukoko wa wali anaukwangua kwa mwiko moja kwa moja hadi mdomoni. Mkate na siagi. Sukari kwa kijiko. Haonji ladha, haoni kushiba, anasikia tu kwamba hawezi kusimama. Dakika ishirini, pengine thelathini, kisha aibu inamshukia hivi kwamba anaosha masufuria yote usiku huo ili asubuhi yasimtazame. Usiku kama huo ulikuwa mara nne au tano kwa wiki.

Baada ya hapo, sanamaki. Mwenzake wa kikoba alimletea majani kutoka Kariakoo, kikombe kimoja "kusafisha tumbo". Kikombe kikawa viwili, kisha vidonge vya kuharisha juu yake. Na ikikaribia shughuli yenye sare, alinunua duka la dawa vidonge vya kukojoza, furosemidi, anameza viwili viwili kwa siku tatu ili gauni liingie. Wiki aliyoanguka kulikuwa na send-off Jumamosi.

Sasa hesabu ikajifunga yenyewe. Kidonge cha presha kinachotoa maji na potasiamu. Furosemidi inayotoa zaidi. Sanamaki inayotoa kwa njia ya choo. Na mchana kutwa hakuna kinachoingia cha kufidia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba sanamaki haikuwa inamtolea chakula. Karibu lishe yote ya chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na dawa hizi hufanya kazi chini, kwenye utumbo mpana. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili. Mizani asubuhi inasoma kilo moja na nusu pungufu, anafurahi, na mafuta ya mwili hayajasogea hata gramu. Alipoelezwa hivyo alimtazama sista kwa muda mrefu. "Kwa hiyo miaka miwili yote nilikuwa nakunya maji?" Sista akamjibu, "Maji na potasiamu, mwenzangu."

Ugonjwa usio na jina la heshima

Kiswahili kina maneno mengi ya mtu anayekula sana: mlafi, mroho, mwenye kufakamia. Yote ni ya tabia mbaya, hakuna hata moja la maradhi. Mtu mwenye maneno hayo tu kichwani hawezi kwenda hospitali. Ataenda kujificha jikoni.

Na maradhi yapo. Mwaka 1979 daktari Gerald Russell wa London alieleza wagonjwa wanaokula kwa kushindwa kujizuia kisha wanatapika au kujiharisha kwa woga wa kunenepa. Tangu hapo ugonjwa huo unaitwa bulimia. Watu wengi wanadhani lazima mgonjwa awe amekonda na awe anatapika. Si hivyo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unasema ni vipindi vya kula kusikozuilika pamoja na njia ya kujirekebisha, iwe kutapika, dawa za kuharisha, za kukojoza, au kujinyima kabisa, walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, pamoja na mtu kujithamini au kujidharau kupita kiasi kwa ajili ya umbo na uzito wake. Mgonjwa wetu alivuka kigezo hicho zamani. Meno yake ni mazima na vidole vyake havina makovu ya kujitapisha kwa kuwa hajawahi kufanikiwa kutapika, na hilo nalo lilitupoteza njia.

Kuhusu kufakamia kwenyewe, kuna jambo moja ningependa kila anayemshauri mtu apunguze mwili alijue. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapa vijana 36 wenye afya njema nusu ya chakula kwa miezi sita, ili kujua namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito. Mapigo ya moyo yakapungua. Wakaota chakula, wakazungumza chakula, baadhi wakakusanya vitabu vya mapishi ilhali hawakuwa wapishi. Na walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula mpaka wakaugua na bado wakasema wana njaa. Hawakuwa walafi kabla ya jaribio lile. Njaa ndiyo iliyowafanya hivyo.

Huyu mama anajinyima chakula kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku, saa kumi na nane, akiwa ameinamia sufuria za wali na nazi. Kinachotokea usiku ni mwili unaodai deni lake. Ndiyo maana sharti lake nimeliona ni la haki.

Sukari, mafuta na tumbo

Alipotulia tulipima mengine. Sukari ya kufunga 6.5. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu 6.3, yaani bado hajafika kwenye kisukari, ambacho huanzia 6.5 kwa kipimo hicho, ila yuko mlangoni. Mafuta ya trigliseridi 2.4, yalitakiwa yawe chini ya 1.7. Kolesteroli nzuri 0.9, ilitakiwa isipungue 1.3. Kiuno sentimita 108. Ultrasaundi ikaonyesha mafuta kwenye ini. Kuna vigezo vitano ambavyo vikikutana vitatu tu tunasema mwili umeharibikiwa namna unavyotumia nishati. Ukihesabu na presha yake ya zamani, alikuwa navyo vitano vyote.

Hapa wengine wangesema, si unaona, ni unene. Unene umo, siukatai. Ila tazama mkondo wenyewe. Chakula kile kile kikiingia saa tano usiku hupandisha sukari kuliko kikiingia asubuhi, kwa sababu mwili usiku husikia insulini kwa uzito. Anakiingiza chote kwa mkupuo, wanga juu ya mafuta, kisha analala masaa manne tu, na usingizi mfupi peke yake huongeza njaa ya kesho na kuufanya mwili uzidi kuikaidi insulini. Halafu kuna potasiamu tena. Kongosho linahitaji potasiamu ya kutosha ili litoe insulini kwa wakati wake. Ikipungua, insulini inachelewa na sukari inapanda. Kwa hiyo upungufu ule ule uliotaka kuusimamisha moyo wake ulikuwa pia unamsukuma kwenye kisukari. Niliwahi kufundishwa haya mawili kwenye sura mbili tofauti za kitabu. Kwa huyu mama yalikaa kitanda kimoja.

Na presha? Ilipanda miaka miwili, kisha ikashuka hadi kumwangusha. Kushuka kule hakukuwa kupona. Alikuwa amekauka.

Matibabu, na wiki ya kuvimba

Kupandisha potasiamu ilikuwa kazi ya siku tatu. Yaliyofuata yamechukua miezi minane na hayajaisha.

Kitu cha kwanza tulichomwandikia ni saa za kula. Chai saa kumi na mbili asubuhi na viazi vitamu au chapati moja yenye yai. Ndizi mbivu au dafu saa nne. Sahani kamili saa sita, kabla wateja hawajafurika: wali au ugali, maharage, mchicha. Kitu kidogo saa kumi jioni. Chakula cha usiku saa moja na nusu, mezani, na watoto. Yasipite masaa manne bila kula. Hii ndiyo hatua ya kwanza katika tiba ya mazungumzo ya ugonjwa huu, nayo huwashangaza wagonjwa, kwa kuwa wamekuja wakitarajia kuambiwa wale kidogo. Aliniuliza, "Nile mara tano? Na hiki kiuno?" Nikamwambia kiuno tutakiangalia baadaye, kwanza tuuzime moto wa saa nne usiku.

Muuguzi wa afya ya akili alimpa daftari la shule la kurasa 80, aandike kila alichokula, saa, na alikuwa anahisi nini. Ukurasa mmoja ameniruhusu niunukuu: "Saa 9 mchana. Sijakula. Wifi kapiga simu. Saa 4 usiku chapati 7." Hapo hahitajiki mtaalamu kuona kilichotokea. Moyo ulipotulia na QT ikarudi mahali pake, tulimwanzishia fluoksetini, na tukaipandisha taratibu hadi miligramu 60, kiwango kikubwa kuliko cha sonona, ambacho husaidia kupunguza vipindi vya kufakamia. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikaonyesha misuli na vali ziko salama.

Kisha likaja jambo ambalo wengi wetu hulisahau na wagonjwa hupotelea hapo. Mwili uliokaushwa muda mrefu hujifunza kung'ang'ania maji. Ukiacha ghafla sanamaki na furosemidi, homoni ya kuhifadhi chumvi bado iko juu, na mtu anavimba. Tulimwonya mapema. Hata hivyo siku ya tisa alipiga simu sauti ikitetemeka: miguu imevimba, viatu haviingii, mizani inasoma 95 na nusu. "Mnaninenepesha, dokta." Nilimwambia ayakumbuke maneno aliyoambiwa wodini: haya ni maji, yatatoka yenyewe kwa wiki mbili tatu, inua miguu ukikaa, punguza chumvi, na kidonge cha kukojoza usikiguse. Tulimpa spironolaktoni kidogo kwa wiki chache, inayotoa maji bila kutoa potasiamu, huku tukipima damu. Wiki ya nne mizani ilirudi 92.

Presha ilipoanza kupanda tena, 146/92, ilitubidi tuchague kwa makini. Kidonge cha zamani hakirudi. Amlodipini ni dawa nzuri na ya bei nafuu, ila huvimbisha miguu kwa baadhi ya watu, na huyu akiona mguu umevimba tu tutampoteza. Tukaacha spironolaktoni, tukampa losartani, ambayo huhifadhi potasiamu. Haifai kwa mjamzito, na tulihakikisha kwanza kwamba kijiti chake cha uzazi wa mpango kiko mkononi na hakijapitwa na muda.

Mwezi wa sita wa matibabu: potasiamu 4.2, presha 132/84, sukari ya miezi mitatu 5.9, trigliseridi 1.8. Usiku wa kufakamia ulikuwa umepungua kutoka minne au mitano kwa wiki hadi mmoja kwa wiki mbili. Uzito kilo 90. Mwenzangu mmoja alipoona kilo mbili tu akauliza, "Sasa amefaidika nini?" Nilimpa karatasi mbili za umeme wa moyo, ya kwanza na ya sasa, azilinganishe mwenyewe.

Ramadhani, kisha harusi

Mwezi wa saba wa matibabu uliangukia Ramadhani. Aliniuliza kama afunge. Nilimweleza hatari kama ninavyoijua: mwili wake unakijua kisa cha kushinda na njaa mchana na kula usiku, na ungekirudia bila kuombwa. La dini nikamwambia amuulize anayejua. Shehe wa mtaani kwao akamjibu kwamba mgonjwa ana ruhusa, na akipona atalipa.

Ruhusa alipata, lakini ilikuja na shida ambayo sikuiona mapema. Mwezi ule aliuza futari: magimbi, mihogo ya nazi, tambi, kaimati. Mchana alitakiwa ale, na asingekula hadharani mbele ya waliofunga. Kwa hiyo akarudi kula kwa kujificha nyuma ya pazia, sahani magotini. Daftari la siku hizo lina neno moja limejirudia: "Naiba." Muuguzi ndiye aliyepata dawa. Walikubaliana kwamba mume akipita kupumzika saa saba akae naye, hata kama yeye amefunga, asimwache na sahani peke yake. Na siku ambazo binti yao mkubwa alikuwa hafungi, walikula mama na mwana. Binti akamwambia jambo lililotufanya sote tunyamaze kwenye kikao: kwamba yeye naye ameanza kuruka chai ya asubuhi. Sasa naye tunamwona.

Baada ya Idi wifi aliolewa. Sare ilikuwa ya lesi, fundi alichukua vipimo mapema, na siku ya kujaribu gauni zipu ikakwama. Fundi angeweza kuachia pindo, kitambaa kilikuwapo. Akaenda Kariakoo. Usiku tatu mfululizo alikunywa sanamaki, mchana hakula, na usiku wa nne akarudi kwenye sufuria na simu iliyoegemezwa kwenye ndoo.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilimkuta kwenye benchi la nje ya chumba changu, hana miadi, daftari liko mapajani limefunguliwa ukurasa wenye hayo yote, ameyaandika kwa kalamu nyekundu. Aliniamkia, kisha akasema amekuja kupimwa potasiamu. Nilimuuliza kama amekunywa chai. Akafungua kontena la plastiki, ndani mna viazi vitamu viwili na yai, kimoja kimeshaumwa.

Potasiamu ilikuwa 3.3. Karatasi ya moyo ilikuwa safi. Tulimpa vidonge vya potasiamu vya siku tano, tukapanga apimwe tena Ijumaa, na sista alimsindikiza hadi kituoni huku wakizungumzia bei ya mchele.